Uji Mwepesi wa Mzee Mwinshehe

Kila asubuhi, nyumbani kwao Temeke, Mwamvita alikilaza kichwa cha baba yake mapajani. Alimnywesha uji kwa kiganja, kama wanavyonyweshwa watoto wachanga. Uji wenyewe ulikuwa mwepesi kama maji.

Mzee Mwinshehe alikuwa mshona kofia. Ugonjwa wa kutetemeka ulianza mkononi, ukamkaza mwili, ukafika kooni. Nyama aliacha. Wali aliacha. Mbavu zake sasa zilihesabika.

Siku hiyo uji ulimpalia. Alikohoa mpaka macho yakamtoka.

"Jamani, baba anakufa!" Mwamvita akapiga kelele.

Jirani yao Albano, dresa wa hospitali, akaingia mbio. Akamketisha mzee na kumwinamisha mbele. "Kohoa, mzee wangu. Kohoa." Kifua kikatulia polepole.

"Mie kila siku nazidisha maji, ushuke kwa urahisi," Mwamvita akasema, analia.

"Hapo ndipo ulipokosea, dada. Koo lake limekuwa zito. Uji mwepesi hukimbia, ukaingia njia ya pumzi. Na kichwa umekilaza nyuma! Hebu tazama paa, umeze mate."

Mwamvita akajaribu. Mate yakamkwama.

"Umeona? Na wewe u mzima."

Albano akamweka mzee kitini, mgongo wima, kidevu kimeinama kidogo. Mwamvita akapika uji mzito, laini, usio na madonge. Albano akachota kijiko kidogo.

"Makubwa haya," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Mnyamwezi ananifundisha kula!"

"Mzaramo nawe, hata kula hujui? Usiseme na chakula kinywani, mtani. Meza. Meza tena. Haya, sasa nitukane."

Mzee akacheka kidogo.

"Akisha kula, asilale," Albano akamwambia Mwamvita. "Akae wima nusu saa. Akichoka au akisinzia, usimlishe. Akipata homa au akikohoa sana, mlete hospitali."

"Atapona?"

Albano akatazama chini. "Hapana, dada. Dawa ya kuuponya hatuna. Lakini asife kwa njaa, wala kwa uji."

Miezi miwili ikapita. Mikono ilizidi kutetemeka, na sauti ilizidi kufifia. Bakuli moja lilichukua karibu saa nzima. Mwamvita alikaa mbele yake, kijiko baada ya kijiko, bila kumharakisha. Mzee alimeza, akameza tena, mpaka bakuli likawa tupu.

Akalitazama bakuli. Akamtazama binti yake.

"Mbona leo umenipunja?"