Sufuria Yenye Masizi

Huyu Halfan ninayemsema si wa kusimuliwa. Ni rafiki yangu, mwenye lori pale Makambako. Mwaka tisini na tatu alifungua robota la mitumba akakuta hema zima. Akamwambia mwenzake Manase, Mbena wa Uwemba, "Twende tukalijaribu msituni, bwana."

Walilisimamisha kando ya chemchemi. Manase akatoa kata. "Kaka, hapa maji huchotwa kwa kata tu. Sufuria yenye masizi haiingizwi."

Halfan akacheka, akaizamisha sufuria ya chai, nyeusi tii, mpaka ikajaa.

Saa tisa mchana ukungu ukashuka, msitu ukawa giza. Wakaiacha sufuria nje, wakaingia hemani, wakafunga zipu, Halfan akajilaza chali juu ya turubai. Ghafla mbubujiko wa maji ukakatika. Kisha huko nje kukaanza: kwaru, kwaru, kwaru, kama mtu anayesugua chombo kwa mchanga.

"Nani?" Halfan alinong'ona.

Manase akamziba mdomo. Ile sauti ikahamia nyuma ya hema, halafu ikaja chini yao, ardhini. Ikakoma. Maji yakaanza tena kububujika.

Ukungu ulipoinuka walitoka. Sufuria ilikuwa juu ya jiwe, inang'aa kama mpya. Halfan akainama kuichukua.

"Iache," Manase alisema nyuma yake. "Na hilo shati livue."

Turubai alilolalia Halfan lilikuwa safi, halina hata doa. Lakini mgongoni mwa shati palikuwa na alama ya kiganja cha masizi, bado inachuruzika maji.