Mawese Kwenye Gurudumu la Mbele

Krii.

Mara moja tu, kama ukucha unaokwaruza sufuria, halafu kimya. Fortunat aliketi kitandani, katika chumba chake nyuma ya garaji, akangoja sauti ya pili. Haikuja. Gari la zahanati lilikuwa uani, limezimwa, gurudumu la kulia la mbele limeinuliwa kwa kriki. Hakukuwa na mtu wala upepo. Miaka thelathini ameshika spana, na hakuwahi kusikia gurudumu lililosimama likilia.

Gari hilo liliachwa pale jana na binti yake Arielle, muuguzi, ambaye leo saa sita mchana alipaswa kupeleka chanjo Kibombo.

"Papa, tukikata kushoto inalia," alikuwa amesema. "Tukikata kulia inanyamaza."

"Basi njo rulema ya kulia. Ukikata kushoto, uzito wote unaangukia upande ule."

Rulema, ule mduara wa chuma wenye vijiti vinavyobiringika katikati ya gurudumu, aliibadilisha jioni ileile. Alitoa mpya kwenye boksi, akaijaza grisi ya buluu kwa vidole vyake. Alidhani kazi imekwisha.

Kulipopambazuka alishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Halikucheza hata kidogo. Akalizungusha. Krii. Akalifungua, na harufu ikampiga puani kabla macho hayajaona: mawese, mawese yaliyopikwa, mekundu, ya vuguvugu, yakitiririka kutoka palepale alipopaka grisi ya buluu.

Ng'ambo ya barabara, Mama Odette alikuwa akikaanga mikate kwa mawese kama kila siku. Fortunat alimtazama. Mama Odette naye alikuwa anamtazama, kijiko hewani.

"Yule mama alipita huku usiku?" Fortunat alimuuliza kwa sauti ya chini binti yake, aliyekuwa amefika kuchukua gari.

"Apitie wapi, Papa? Geti ulifunga mwenyewe, na ufunguo umelala nao."

"Ninakuuliza tu."

"Ama niende nimuulize kama alikuja kukaanga mikate ndani ya rulema?"

Fortunat hakucheka. Aliosha chuma kwa petroli, akapaka grisi upya, akamwambia Arielle asimame hapo asiondoe macho. Baada ya saa moja akafungua tena. Mawese. Safari hii Arielle naye hakuwa na mzaha.

Kilichomtia Fortunat baridi ni kwamba mafuta yale aliyajua. Wakati wa vita, mji ulipozingirwa, treni haiji na grisi haipatikani hata ya kuonja, mafundi wa Kindu walipika mawese na sabuni mpaka yakaganda, wakajazia rulema. Kwa safari za mjini yalitosha. Ukienda mbali yalipata moto, yakayeyuka, chuma kikaanza kula chuma. Kila fundi alilijua hilo, na tangu vita viishe hakuna aliyeyapika tena.

Alipiga magoti, akachungulia chini ya mlango wa dereva. Chini ya rangi tatu, nyeupe, kijani na nyeupe tena, kulikuwa na mshono wa kulehemu uliopinda. Kazi ya mkono wake mwenyewe. Hili ndilo gari aliloondoka nalo Onema, mume wa Mama Odette, mwaka wa 2002, kwenda kutafuta mchele Kibombo. Onema hakurudi. Gari liliokotwa porini baada ya vita, likauzwa, likapakwa rangi, likauzwa tena.

Arielle alimwita Mwalimu Ayoubu, anayesomea watu wenye majini. Alifika kwa pikipiki, chupa ya kombe, maji yaliyooshea maandishi ya aya, mfukoni.

"Nimetoa majini kwa watu, kwa nyumba, hata kwa friji," alisema akikunja mikono ya kanzu. "Gari, bado."

Akasoma, akamwagia gurudumu kombe. Chuma kilikuwa baridi, lakini maji yale yalichemka kama yameangukia kikaango, na gurudumu, bila mkono wa mtu, likazunguka nusu duara polepole. Krii. Mwalimu alirudi nyuma hatua mbili.

"Hili halifukuzwi," alinong'ona. "Linauliza kitu. Fundi, wewe si unajua kusikiliza vyuma? Sikiliza."

Fortunat alichukua turnevisi, bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye ekseli na mpini kwenye mfupa wa sikio, kama mafundi wafanyavyo wanapotafuta kelele inakotoka, na gurudumu likaendelea kuzunguka peke yake mbele ya uso wake, na mle ndani, nyuma ya mkwaruzo, nyuma ya mlio wa mawese yanayochemka, akasikia pumzi ya mtu anayesukuma kitu kizito barabarani, akasikia nyayo nyingi zikitoka msituni, na kisha sauti ya Onema, ya upole, kama enzi zile alipokuja kuazima spana, ikisema: nani alifunga rulema?

Turnevisi ilimponyoka. Alipoinua kichwa, Mama Odette alikuwa ameshavuka barabara, amesimama ndani ya geti.

"Hiyo sauti ninaijua," alisema. "Niliisikia mara moja tu, siku Onema anaondoka. Nilikuuliza, Baba Arielle. Uliniambia ni vumbi."

"Ni zamani, mama. Garaji ilikuwa na mikono mingi."

"Miaka yote unanijibu hivyo. Mikono mingi. Mukono mumoja hauna mwenyewe?"

Arielle aliwatazama wote wawili, kisha akamkazia macho baba yake, kama mtu anayesoma barua isiyo na sahihi.

"Papa, barafu ya chanjo inayeyuka. Sema tu. Nipande hii gari ama nisipande?"

Fortunat alitazama mawese, si uso wa binti yake, kwa maana mwaka ule wa vita rulema nzima ya gurudumu lile aliitoa yeye, akaifunga kwenye gari jingine, lile lililomtoa mjini mke wake mwenye mimba ya Arielle, na mahali pake akatia rulema iliyokufa, akaishindilia mawese mengi ili isilie mpaka Onema afike mbali; na sasa akisema, huyu binti atajua alizaliwa kwa bei ya nani, na akinyamaza, atapanda, na mahali fulani kabla ya Kibombo chuma kitakula chuma; na gurudumu lilizidi kasi, likirusha matone mekundu kwenye koti jeupe la Arielle, na Mwalimu Ayoubu alikuwa amesahau aya katikati.

"Nani alifunga?" aliuliza Mama Odette, taratibu, na kutoka kwenye chuma sauti ya pili iliuliza pamoja naye.

"Fortunat," alisema fundi mwenyewe. "Alifunga Fortunat."