Pamba ya Mwanaheri

Harufu ya migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, iliingia chumbani na Mwanaheri hakutapika. Hapo ndipo mama na kaka yake wangepaswa kushtuka. Wao wakafurahi.

Tangu atoke Mwanza kutundikiwa dripu za saratani, tumbo lake lilikuwa halikai na kitu. Hata mvuke wa ugali ulimkimbiza kwenye beseni. Nesi alimshauri anuse ganda la limau au tangawizi mbichi. Sasa kaka yake, Mudathiri, ndiye muuza manukato pale sokoni Kasulu, na mjuaji yule ukimtajia limau anakuona mshamba.

"Limau ni la mchuzi, dada. Subiri nikupe mzigo wa maana."

Akafungua kasha la marehemu bibi yao, aliyehamia huku na jini lake kutoka Tanga, akatoa kichupa cha mafuta meusi ya udi na waridi, akachovya pamba. Ukoo mzima unajua mafuta ya jini hayanuswi ovyo. Anayeyanusa amejitoa kuwa kiti cha jini, mwili wa kukaliwa, na jini lililofiwa na kiti halichagui. Mudathiri naye alijua, ila aliona ni porojo za wazee.

Mwanaheri akanusa, akala. Alimaliza sahani, akamaliza na sufuria.

Juma halijaisha, mama yao, Mwajabu, akamvuta Mudathiri uani mchana kweupe.

"Umesikia anavyotafuna?" akanong'ona.

"Ana njaa, mama."

"Mdomo ameufumba, mwanangu. Na bado anatafuna."

Wakaichoma pamba. Kutapika kukarudi siku hiyohiyo, nyongo tupu, na daktari alishasema akipungua uzito zaidi hatundikiwi dripu nyingine, na bila dripu uvimbe haungojei mtu. Basi Mudathiri akakaa ameshika beseni, akisikia kitu kizito kikitembea juu ya bati polepole kama mgeni anayetafuta mlango, waridi likinuka kutoka ukutani ilhali kichupa kimefungwa, hadi mkono wa dada yake, mwepesi kama bua la mahindi, ukamkamata kifundo cha mkono.

"Kaka, nirudishie. Nakufa na njaa."

Mudathiri akamtazama mama. Mama akatazama ukuta.

"Mpe," akasema.

Mudathiri, mbabe wa soko zima, akachovya pamba nyingine, akamwekea puani. Mwanaheri akavuta pumzi ndefu, akafumba macho, kisha akanyoosha mkono akala mgebuka mzima, kichwa na miiba yake, bila kukohoa.

Mwajabu akasogea karibu. "Mwanangu yumo humo?"

"Yumo," ikajibu sauti nzito, ya upole. "Nimemlaza. Dripu zikiisha, tutazungumza nani aamke."

Mwajabu akajifuta machozi kwa pindo la kanga, akamwongezea ugali.