Amri ya Kwanza Haikuleta Kitu

Shamba la Bi Adila liliibwa bila mnazi hata mmoja kung'olewa. Katika kanzidata ya kompyuta ya ofisi ya upimaji wa ardhi, mjini Bagamoyo, jina lake lilikuwa limeondolewa na mahali pake pameandikwa: Wakfu wa makaburi, Kaole.

"Shikamoo, bibi," alisalimu Inspekta Somoe.

"Marahaba, mwanangu. Kesho mnunuzi anakuja, na wakfu hauuzwi. Nitamwambia nini?"

Somoe hakuipenda kesi hii. Mwizi gani anaiba halafu hajiandiki yeye? Alimgeukia Hamidu, mtaalamu wa kompyuta, mgeni kutoka Iringa. Nywila ya kuifungua kanzidata alikuwa nayo yeye tu, na jasho lilimtoka. Somoe hakumwamini hata kidogo.

"Nani mwingine anagusa mashine yako?"

"Hakuna, afande. Ila nikienda kula naiacha wazi."

"Wazi! Anabaki nani hapa?"

"Dadi, karani."

Dadi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Bi Adila. Alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake.

Hamidu alifungua dirisha jeusi ambamo mtu huandika amri na kanzidata humjibu. Programu hiyo huweka kumbukumbu ya kila amri, jambo ambalo si wengi wanalijua. Somoe akasoma. Amri ya mwisho ilibadilisha mmiliki. Iliyotangulia ilimtafuta Adila Sadallah. Ya kwanza kabisa ilimtafuta Mwanamkasi.

"Irudie hiyo ya kwanza."

Hamidu akaiandika. Haikuleta kitu.

"Mwanamkasi ndiye nani?"

"Ni mimi," alisema Bi Adila. "Jina langu la nyumbani. Nje ya ukoo wetu hakuna anayelijua."

"Dadi," alisema Somoe, "uliandika jina ulilozoea kulisikia nyumbani. Ulipolikosa, ukakumbuka la kitambulisho."

Dadi alianza kulia.

"Ni mimi, afande. Baba yangu kazikwa mle shambani. Mnunuzi anataka kujenga hoteli. Nilimpigia shangazi magoti, hakunisikia. Wakfu ungelilinda kaburi."

"Ni kweli, bibi?"

"Shamba ni langu," alijibu Bi Adila bila kumtazama Dadi. "Kaburi watalihamisha."

Somoe alimwonea kijana huruma, lakini akamfunga pingu. Alikwisha kuupiga picha ushahidi.

"Rudisha jina la bibi."

Hamidu aliandika amri. Kanzidata ikajibu kwamba imebadilisha.

"Sasa naweza kuuza?" aliuliza Bi Adila.

"Unaweza, bibi."