Daraja Lililoota Jua

Asubuhi daraja la waendao kwa miguu, juu ya stendi, lilifurika watu. Katikati yao binti mmoja alikuwa amepiga magoti, ovaroli ya buluu, kilemba cha njano, akibandika kipimo chembamba, kidogo kama ukucha, kwenye chuma.

"Dada, unalibandika plasta daraja langu?"

Akainua macho. Kijana mrefu, shati jeupe, mikono ina makovu madogo ya cheche.

"Lako tangu lini?"

"Viungo vyote hivi nimechomelea mimi."

"Basi njoo uone kazi yako inavyopumua."

Binti, fundi wa vipimo, akaunganisha nyaya kwenye kisanduku kinachokuza ishara hafifu na kuchuja kelele za umeme, kisha kwenye kompyuta. "Ruka!" Kijana akaruka. Mstari kwenye kioo ukaruka naye.

"Mungu wangu! Chuma chote hiki kimenisikia?"

"Kimevutika, tena si hata unene wa unywele. Chuma kinasikia, Cheche. Viziwi ni sisi."

Jina likamganda. Miezi miwili simu zao hazikupoa.

"Umekula, Daktari wa Vyuma?"

"Nitakula ukija, kipenzi."

Kisha mstari ukaanza kupanda kila adhuhuri, hata daraja likiwa tupu. Akarudia vipimo mara tatu. Kipima joto chake kilionyesha joto lilelile, kwa hiyo si joto; wa kulaumiwa akabaki kiungo alichochomelea Cheche. Aliandika ripoti huku moyo ukimuuma. Daraja likafungwa, Cheche akasimamishwa kazi.

"Nimesikia kwa bosi!" Cheche alifoka kwenye simu.

"Watu wanapita hapo, mpenzi. Ningenyamaza?"

"Usingenyamaza. Ungeniambia mimi kwanza."

Akakata, na hakupokea tena.

Siku ya nne, mchana, binti aliegemea nguzo ya daraja akashtuka. Chuma kilikuwa cha moto! Akakimbilia kisanduku, kilichofungwa kivulini chini ya ngazi. Kipima joto kilikuwa humo ndani, alikokiweka kwa mkono wake mwenyewe. Siku zote kilipima ubaridi wa kisanduku, si joto la chuma.

Akakibandika kwenye chuma chenyewe, kando ya kile kipimo cha kwanza, akasubiri siku tatu. Chuma kilitanuka na jua, kikajikunyata jioni, kila siku vilevile. Alipoiondoa athari ya joto kwenye hesabu, mstari ukalala. Kiungo kilikuwa kizima. Aliduwaa. Daraja zima lilikuwa likiota jua mbele ya macho ya mji, na hakuna aliyejua, hata yeye.

Akaandika ripoti mpya: kosa ni langu. Kisha akapiga simu. Alipokea dada yake Cheche.

"Wifi, yupo, anajifanya hayupo."

"Mwambie kiungo chake ni kizima. Aliyekosa ni mimi, na nimeandika hivyo."

Kesho yake kufuli la daraja likafunguliwa, na Cheche akaitwa kazini. Binti alikuwa chini ya ngazi na kompyuta yake, simu ikalia.

"Tazama mstari wako."

Ulikuwa umeinuka kidogo. Akatazama juu. Shati jeupe lilikuwa katikati ya daraja.

"Nakuona, Cheche. Nilipimia kivulini. Nisamehe."

"Nimekusamehe kabla sijapanda. Hebu niambie, hili litabeba wawili?"

"Litabeba mji mzima."

"Mji wa nini? Nakutaka wewe. Tuoane."

Aliiacha kompyuta wazi, akapanda ngazi mbio huku kilemba kikimfunguka. Nyuma yake mstari ukainuka tena, na hapakuwa na mtu wa kuutazama.