Mwanamke Aliyekaa Nyuma ya Simiyu

Walikutana kwa matusi. Simiyu alikuwa akipita soko la Kibuye na pikipiki yake kuukuu ya njia mbovu, gurudumu la nyuma likatumbukia shimoni, na matope yote ya Kisumu yakahamia kwenye gauni jeupe la Nelima.

"Wewe bwana, ulifunzwa kuendesha au kulima?"

"Pole, dada. Ni springi za nyuma. Zimechoka."

"Zimechoka kuliko akili zako?"

Simiyu, suruali ya bugaluu, nywele kama kiota cha korongo, akacheka. Mwanamume akicheka vizuri mbele ya mwanamke mwenye hasira, hasira hukosa pa kusimama, huomba kiti. Kabla msimu wa mvua haujaisha, Simiyu alikuwa akipiga simu dukani kwa Salim, alikouza vitambaa Nelima, akijidai mteja.

"Nataka kitambaa cha rangi ya macho yako."

"Kimekwisha. Kimebaki cha rangi ya ulimi wangu."

Basi siku moja wakaenda Asembo Bay kula samaki. Njiani, shimo. Springi zikagonga mwisho, kiti kikamrusha Nelima juu kama chapati, akatua mtaroni mbele ya kwaya ya kanisa. Kwaya haikunyamaza, ilipandisha sauti tu. Simiyu akambeba mikononi mpaka barabarani.

"Sikalii tena punda huyu! Nimeapa!"

"Na kwa baba yako tutafikaje?"

Swali lilikuwa na meno. Baba yake Nelima alikuwa msimamizi katika kambi ya miwa ng'ambo ya Muhoroni, ambako basi halifiki. Naye alikuwa ametamka: huyo kijana aje Jumapili ijayo nimwone, asipokuja, Wabwire mwenye lori amekwisha kuleta mbuzi wa mahari.

"Hilo ni lako," Nelima akasema, akienda zake kwa miguu.

Kuanzia hapo simu zikakauka. Alipopiga Nelima, Simiyu alisema, "Nina kazi, mpenzi," akakata. Ijumaa Nelima akapigiwa simu na rafiki yake, Zeituni.

"Nelima, umekaa?"

"Nauza, nimesimama."

"Basi shika kaunta. Nimemwona Simiyu pale Mamboleo. Nyuma amepakia mwanamke. Mnenemnene."

"Amevaa nini?"

"Leso nyekundu. Kama ile yako uliyoiacha kwake."

Salim, aliyekuwa akinywa chai, akatazama uso wa Nelima, akahamia nje na kikombe chake.

Jumamosi Nelima alivaa gauni la kijani lililoishia juu ya magoti, viatu vya soli nene, poda shingoni. Mwanamke haendi kugombana akiwa ovyo. Akasimama njia panda ya Mamboleo, katikati ya malori ya miwa, na punde pikipiki ikaja. Kweli, nyuma alikuwapo mtu, leso imemfunika gubigubi.

Nelima akavua kiatu akatupa. Kikampata yule mwanamke mgongoni. Hakugeuka.

"Na ana kiburi!"

Simiyu alipofunga breki, Nelima alikwisha kufika akichechemea kwa kiatu kimoja. Akaishika leso, akavuta. Mwanamke akaanguka chini pu, akapasuka, ukamwagika mchanga.

Wachuuzi wa mahindi ya kuchoma wakacheka hadi yakaungua.

"Nani huyu?"

Simiyu akazima pikipiki. "Ni wewe."

"Yawa! Mimi? Mimi ni gunia la mchanga?"

"Nisikilize, roho yangu. Nimeng'oa shokomzoba za nyuma, nikazichomelea upya zikilala kuelekea mbele, gurudumu lipate nafasi ya kupanda likikuta shimo. Lakini springi zangu zikawa laini mno. Nikaokota nyingine kwenye vyuma chakavu, za kiti cha trekta. Ilibidi nizijaribu kwa uzito wako. Ungekubali kupanda?"

"Uzito wangu umeutoa wapi? Sema, nani kakuambia?"

"Nilikubeba Asembo. Kila asubuhi nalibeba gunia, napunguza, naongeza, hadi mikono iliposema, huyu ndiye. Leso niliifunga kwa sababu mchanga ulivuja kwenye mnyororo."

"Mikono yako mijinga!"

"Mijinga lakini inakumbuka!" Sasa hata yeye alipandwa. "Nikipanda peke yangu inanirusha kama chura! Nilikuwa na pikipiki ya mtu mmoja, Nelima, nimeiharibu, imekuwa ya wawili. Usipopanda nifanye nini? Nioe gunia?"

Nelima akaokota kiatu chake, akakivaa polepole.

"Sogea mbele."

"Lakini kesho ndiyo..."

"Sogea! Kwa baba tunaenda leo, kabla hasira haijanitoka. Ikitoka nitaanza kufikiri."

Njia ya miwa ilikuwa imechimbwa na matrekta mpaka ikaona haya. Shimo la kwanza, kiti kikashuka taratibu kama mama mkwe akikaribishwa, kikainuka. Nelima alingoja kurushwa. Hakurushwa. Akamfinya Simiyu kiunoni hata hivyo.

"Bado nimekasirika."

"Najua, mpenzi. Kasirika ukiwa umenishika."

"Baba akiuliza umemletea nini?"

"Nitasema nimemletea binti yake, hajachubuka popote, na naomba kurudi naye."

Wakapita mashimo mawili, matatu. Nelima akaegemeza shavu mgongoni kwa Simiyu.

"Sema hivyo hivyo. Ukitaja gunia, naolewa na lori."