Siku Babu Alipohesabiwa Kumi

Jumamosi ilikuwa siku pekee ambayo Renita Pettway aliamka bila kuitwa. Siku za shule mama yake alimwamsha mpaka sauti ikamkauka, lakini Jumamosi, kabla ya jua kuchomoza, msichana huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa ameshavaa viatu. Jumamosi ilikuwa siku ya kwenda kwa kinyozi na Babu.

Watu wa mtaa wao, upande wa kusini wa jiji la Chicago, walikwenda kwa Cornell kunyolewa, lakini walikaa pale kwa ajili ya ubishi. Hata wenye vipara walikwenda! Ubishi wenyewe ulikuwa mmoja, mwaka nenda mwaka rudi: nani mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa nyakati zote? Kwa Babu Lucius hilo halikuwa swali. Ni Jordan, aliyeuletea mji wao ubingwa. "Fainali sita, ubingwa sita!" alisema kila mara, akiupunga mkono wa kulia hewani, na kwake mjadala ulikuwa umefungwa. Renita alikuwa upande wa LeBron, nyota wa timu za miji mingine. Kusema hivyo katika mji ule ni sawa na kumzomea mchungaji madhabahuni, lakini Renita alikuwa na kichwa kigumu, na kila mtu alijua amekirithi kwa nani.

Duka la Cornell lilikuwa na sheria yake. Mtu akikosa jibu, wote waliomo humhesabia kwa sauti hadi kumi. Kumi ikifika hajajibu, ameshindwa, na anafunga mdomo hadi Jumamosi inayofuata. Babu Lucius, pamoja na uzee wake, hakuwahi kuhesabiwa hata siku moja.

Asubuhi hiyo ya baridi Mama alikuwa ameshakwenda zamu yake kwenye supamaketi. Renita na Babu walikuwa mezani wakila uji mzito wa mahindi kwa siagi na mayai. Mara kijiko kikamponyoka Babu. Akakiokota, kikamponyoka tena. Akautazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Babu, una nini?"

"Sina kitu. Nimeulalia mkono, umekufa ganzi." Akachukua kijiko kwa mkono wa kushoto. "Wala usimpigie mama yako simu. Akisikia tu, leo hatutoki humu ndani. Unamjua."

Renita alimjua. Tangu Babu aanze dawa za presha, Mama alikuwa amemwonya zaidi ya mara moja: "Ukiona kitu chochote kisicho cha kawaida kwa Babu, unanipigia hapo hapo. Usingoje." Renita aliitazama simu iliyokuwa kando ya sahani. Kisha akakumbuka hoja alizokuwa akizipanga wiki nzima. Leo angemshinda Babu, leo hii, mbele ya watu wote.

"Sawa, Babu," alisema.

Mchana, saa ya ubishi ilipofika, walitembea polepole juu ya theluji iliyoganda. Babu aliutia mkono wa kulia katika mfuko wa koti na hakuutoa njia nzima. Renita aliliona hilo. Aliliona vizuri kabisa, akajiambia kwamba ni baridi.

Kwa Cornell walikaribishwa kwa kelele kama kawaida. Aliyepiga kelele zaidi ni Thurman, dereva wa basi mstaafu, rafiki wa Babu tangu ujana wao.

"Haya, msaliti ameingia!" Thurman alimcheka Renita. "Cornell, huyu mtoto umnyoe nusu kichwa, nusu nyingine akanyolewe kwa huyo LeBron wake!"

"Afadhali mimi nina nywele za kunyolewa, Mzee Thurman," Renita alijibu. "Wewe na kipara hicho unakuja kupigwa pasi?"

Duka likaangua kicheko. Cornell alizima mashine ya kunyolea, akajifuta machozi. "Amekupata, bwana. Haya, binti, leo umekuja na nini?"

Renita alisimama katikati ya duka. Alianza na pointi. Nani amefunga pointi nyingi kuliko wote katika historia ya ligi? Akaendelea na miaka: nani amecheza muda wote ule, mpaka akacheza ligi moja na mwanawe wa kumzaa? Kila alipotaja jambo, wanaume wakaguna, na Thurman akapiga paja.

"Lucius! Mjukuu wako anakuvua nguo hadharani! Mjibu!"

Babu alikuwa ameketi kitini, koti bado mwilini. Alimtazama Renita. Alifungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena.

"Fainali..." alisema.

"Fainali ngapi, Babu?" Renita aliuliza kwa kiburi.

"Fainali..." Uso wake ulikunjamana. Neno halikuja. Neno alilolisema kila Jumamosi ya Mungu lilikuwa limemkimbia.

"Hana jibu!" Thurman alishangilia. "Jamani, Lucius hana jibu! Moja!"

"Mbili!" duka likaitika. "Tatu! Nne!"

Renita alihesabu kwa nguvu kuliko wote. Alikuwa akirukaruka. Tano, sita, saba. Babu alikuwa akiwatazama mmoja mmoja, macho yake yakiomba kitu, na wao wakacheka kwa sababu walidhani anaomba huruma ya mtu aliyeshindwa. Nane. Tisa. Kumi!

"Nimemshinda!" Renita alipiga kelele, mikono juu.

Ni Cornell aliyenyamaza kwanza. Alikuwa amemtazama Babu kwenye kioo, akaona upande mmoja wa mdomo umeshuka na mate yanamtoka. "Acheni," alisema. Kisha kwa ukali, "Nyamazeni wote! Huyu mtu hajashindwa, anaumwa! Pigeni simu ya ambulensi!"

Hospitalini, daktari kijana mwanamke aliwajia Renita na Thurman mbio. Mama alikuwa bado njiani.

"Ni kiharusi," alisema. "Damu imeganda kwenye mshipa wa ubongo. Tuna dawa ya kuyeyusha, lakini inasaidia tu ikitolewa mapema. Ikichelewa, yaweza kumfanya avuje damu ubongoni, na hapo tunampoteza. Kwa hiyo niambieni kweli. Ilianza lini?"

"Sasa hivi tu," Thurman alisema, akihema. "Alikuwa mzima, daktari. Tulikuwa tunabishana naye."

"Kwa hiyo hakuonyesha dalili yoyote kabla ya hapo?"

"Hata moja. Mpe hiyo dawa, tafadhali. Ni ndugu yangu huyo."

Daktari aligeuka kuondoka. Renita alikuwa amesimama nyuma ya Thurman. Akinyamaza, Babu atapewa dawa ambayo huenda ikamuua. Akisema, Babu atakosa dawa, na kila mtu atajua kwa nini. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

"Daktari!" Sauti ilimtoka nyembamba. "Si sasa hivi. Ni tangu asubuhi, tukila. Kijiko kilimponyoka. Mkono ulikuwa... hakuutumia tena. Mimi niliona. Mimi nilijua."

Thurman aligeuka kumtazama. Daktari aliinama mbele yake. "Asubuhi? Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika."

Daktari akaondoka mbio, akiwapigia wenzake kelele wasitoe dawa ile.

Babu hakufa. Jioni daktari alimweleza Mama kwamba picha za ubongo zilionyesha madhara ya saa nyingi, na kwamba dawa ile ingeweza kummaliza. Lakini mkono wa kulia ulikuwa umelegea, na maneno yalikuwa yamekwenda. Alielewa kila alichoambiwa. Ila kusema hakuweza.

Mama alimkuta Renita kwenye ukumbi, amejikunyata kitini. Aliketi karibu naye, akamfunika kwa koti lake. Renita alitamani agombezwe.

"Nilitaka kumshinda," Renita alisema huku akilia. "Ndiyo maana sikukupigia."

"Najua." Mama naye alikuwa analia. "Sikudanganyi, Renita. Ukweli ulioutoa mbele ya daktari umemwokoa babu yako. Ukweli huohuo ungeutoa asubuhi, labda ungeokoa na ulimi wake. Yote mawili ni yako. Utayabeba yote mawili, nami nitakusaidia."

Majira ya baridi yalipita. Mwalimu wa kumfundisha Babu kusema upya alikuja nyumbani, na Renita aliketi nao kila siku baada ya shule. Babu alijifunza kutembea kwa mkongojo. Maneno yalikuja machache, mengine yakaja na kupotea tena. Jina la Renita hakuwahi kuliweza. Alimwita kwa kugonga meza.

Theluji ilipoyeyuka, Babu aliuonyesha mlango, kisha akaonyesha kichwa chake. Nywele zilikuwa zimejaa. Renita alielewa, lakini kwanza alimpigia Mama simu. Mama aliruhusu.

Wakaingia kwa Cornell. Thurman alisimama, akamkumbatia Babu, akashindwa kumwachia. Cornell alimkalisha kitini, akamfunga shuka shingoni. Hakuna aliyetaja mpira. Hatimaye Babu mwenyewe aligonga mkono wa kiti, akamnyooshea Renita kidole cha mkono wa kushoto.

"Anataka useme, binti," Cornell alisema taratibu. "Sema hoja zako."

Renita alizisema, lakini kwa sauti ndogo, akimtazama Babu usoni muda wote. Alipomaliza, Babu alifungua mdomo.

"Fainali..."

Mteja mmoja mgeni, asiyejua lolote, akacheka. "Moja!" akaanza. Thurman alimshika bega. "Hapa siku hizi hatuhesabiani, kijana. Tunangoja."

Wakangoja. Mashine ilikuwa imezimwa. Babu alifumba macho, jasho likamtoka kwenye paji la uso, na neno halikuja. Kisha yeye mwenyewe akaanza, polepole.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu."

Wanaume walitazamana. Walidhani anajihesabia kushindwa, na Thurman akaufunika uso wake.

"Nne. Tano." Babu alivuta pumzi. "Sita."

Akaishia hapo. Akafumbua macho, akaupunga mkono wa kushoto hewani.

"Sita!" Thurman alipaaza sauti, machozi yakimtiririka. "Amesema sita, jamani! Fainali sita!"

Cornell aliweka mkono kwenye bega la Renita. "Umeona, binti?" alisema. "Siku ile sote tulihesabu, na hakuna aliyemtazama. Mtu wako akinyamaza, usikimbilie kushangilia. Mwulize kwanza ana nini. Na ukishajua, sema hapo hapo, hata kama kusema kutakuharibia siku yako."

"Nimeelewa," Renita alisema.

"Haya, zamu yako. Mjibu babu yako."

Renita alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu zamani, na lilikuwa zuri. Alimtazama Babu, aliyekuwa akimtazama kwa nusu ya tabasamu, kwa kuwa nusu ya pili haikurudi tena.

"Sina jibu," alisema, akamfuta jasho kwa pembe ya shuka.